Mstari Ambao Sikuugusa

Nighat, uko? Afadhali wewe uliyehamia Multan. Mimi Lahore hii sijui nitauweka wapi uso wangu.

Leo nimewasomea waandishi barazani ile hadithi yangu ya baba anayekata roho.

WAMECHEKA. Shoga, wamecheka mpaka mmoja kamwaga chai!

Na sheria yao unaijua: ukishasoma, hufungui mdomo mpaka wamalize kukuchambua.

Mwenyekiti, Mzee Tabassum, anajifuta machozi: "Binti huyu ana kipaji cha vichekesho! Mtu roho inamtoka, anauliza nani kaacha mota ya maji inaunguruma!"

Wakaangua kicheko tena. Mwingine eti, "Hapo katia chumvi, lakini asipafute."

Nimetia chumvi! Mimi!

Hadithi nzima nimeiandika upya sijui mara ngapi. Nimekata, nimebandika, nimelia. Mstari ule tu ndio sikuugusa.

Sitaki kuandika tena. Kama ule nao ni kichekesho, nimebaki na nini?

Wewe ulikuwepo, Nighat. Wewe ndiye uliyetoka mbio kwenda kuizima ile mota.

Uliporudi, baba alikuwa ameshakwenda.