Niliyotumwa Kuona

Jumamosi, 5 Agosti 1995

Nguo zimelowekwa tangu asubuhi. Sabuni imeisha katikati ya mashuka. Rejista ya darasa la watu wazima nimeifunga hadi Septemba: wanafunzi kumi na tisa, mkubwa wao ana miaka sabini na moja, na ndiye mtundu kuliko wote.

Mwenye nyumba amepita tena. Anabomoa, anajenga hoteli. Ifikapo mwisho wa Desemba tuwe tumetoka Isli. Mume wangu, Baba Hodan, hawezi tena kuendesha lori. Goti lilivunjika mwaka jana, likaunga lilivyotaka lenyewe. Nairobi imetumaliza. Tunarudi kwetu kaskazini mashariki. Wapi hasa? Hapo ndipo tunapogombania.

Yeye anataka Kotile, kwa kaka yake Bare. Mimi nataka Garissa mjini, kwenye kiwanja kinachopakana na dada yangu Nuria. Nilibeba maji mgongoni tangu nina miaka sita hadi kumi na miwili. Mgongo wangu una kumbukumbu nzuri kuliko kichwa. Garissa kuna bomba. Sitaki kusikia zaidi.

Jumapili, 6 Agosti

Ayeeyo, mama mkwe wangu, amechoshwa na kelele. Amesema hakuna anayehamisha nyumba kwa maneno. Kwanza mtu aende sahan. Ndivyo walivyofanya ufugaji ukiwa ufugaji: kabla ya kuhama, mmoja anatangulia kutazama maji na malisho, anarudi, anasema. Kambi nzima inafuata neno lake.

Nani aende? Baba Hodan ana goti. Hodan ana mtihani wa darasa la nane Novemba. Ayeeyo macho yamefunikwa na utando. Nikabaki mimi. Miaka arobaini na saba, mnene, mtu ninayepotea sokoni Gikomba.

Ayeeyo akapapasa mkoba wangu, akacheka. "Tangu lini mwenda sahan akabeba kioo na poda?"

Kisha akawa mkali. Baba yake alikuwa mwenda sahan. Akirudi hakusema pazuri wala pabaya. Alisema alichokiona, chote, wengine wakapima. Aliyeficha kitu aliua mifugo ya watu.

Nikaitikia. Ukweli ni kwamba nilijua nitakachosema kabla sijafunga zipu.

Jumatano, 9 Agosti

Garissa. Joto limenipokea kama jamaa asiyejua kuachia mkono. Kwenye daraja askari akakitazama kipande changu, yaani kitambulisho, akanitazama mimi, akakitazama tena. Picha ni ya mwaka sabini na nane. Nilikuwa na shingo wakati huo.

Nuria amechinja. Ana bomba uani! Nimelifungua na kulifunga mara tatu bila haja. Watoto wake wananicheka. Wacheke.

Hapa ndipo.

Ijumaa, 11 Agosti

Nimekipima kiwanja kwa hatua. Kinatosha vyumba vitatu, choo na jiko. Shule ya sekondari ya wasichana si mbali. Hospitali ipo. Majirani wa bula hii, ndivyo wanavyouita mtaa, wamenisalimia kama mtu waliyemngoja.

Jambo moja. Ukuta wa Nuria kwa nje una mstari wa rangi ya chai, kuzunguka nyumba yote. Unafika gotini. Chini yake plasta inamomonyoka kama biskuti. Nikauliza. Nuria akapunga mkono. "Lile korongo la nyuma hujaa mvua zikizidi. Tunapandisha magodoro juu ya meza, siku mbili tatu, basi." Kiwanja changu kiko chini ya wake. Upande wa korongo.

Nikanywa chai. Nikajiambia mvua hazizidi kila mwaka.

Jumatatu, 14 Agosti

Kotile. Nimekuja juu ya lori la mbuzi linalorudi tupu, tupu la mbuzi lakini si la harufu yao. Askari wawili nyuma, bunduki magotini. Dereva alinihimiza kwa Kiswahili cha kwetu: "Mama, banda haraka, jua nakuja!" Kupanda kwenyewe kulihitaji watu watatu na dua.

Shemeji Bare ni mrefu, mpole, anaongea na ndizi zake kuliko na watu. Alinionyesha mahali alipotutengea. Pameinuka. Mchanga mgumu, mkavu. Hata mto Tana ukifurika, anasema, maji hayajawahi kufika hapa. Nikamwuliza mzee mwingine ambaye si ndugu. Akasema vilevile.

Mto uko mbali. Nimeenda na kurudi na dumu la lita tano, kwa ajili ya kupima tu, nikakaa chini mara mbili. Usiku viboko hupanda kula mashamba. Sekondari hakuna, Hodan angelala bweni Garissa. Hospitali kubwa ni safari ya siku nzima.

Haya yote nimeyaandika kwa furaha. Mtu akinisoma atadhani nasifia.

Jumanne, 15 Agosti

Wanawake kumi na wanne wamekuja kwa Bare kabla sijamaliza chai. Wameleta maziwa. Nilidhani wamekuja kumtazama mke wa Nairobi. Hapana. Kumbe Bare amewaambia kazi yangu.

Mmoja anaitwa Mama Shukri, mwembamba, mdomo mkali. Akaniuliza kama ni kweli nafundisha watu wazima kusoma. Nikasema ndiyo. Wazee kabisa? Wazee kabisa. Akatoa chupa ya dawa ya kikohozi kwenye kanga. Mjukuu wake alipewa zahanatini. Anataka kujua karatasi iliyobandikwa inasema nini, kwa sababu aliambiwa na ameshasahau. Nikamsomea. Kijiko kidogo kimoja, mara tatu. Akasema alikuwa akimpa kijiko kikubwa.

Mtoto mzima, alhamdulillahi.

"Ukihamia hapa," akasema, "mimi nitakaa mbele. Hawa wengine watakaa nyuma, vichwa vyao vigumu." Wakamzomea. Wakanitajia siku na saa. Wameshapanga. Mimi sijasema lolote.

Huko mjini hakuna aliyeniomba kitu. Nuria mwenyewe alisema nipumzike sasa, nimezeeka.

Sitaki kupapenda hapa. Nimekasirika.

Ijumaa, 18 Agosti

Nairobi. Baada ya swala ya adhuhuri wameketi kunisikiliza. Ayeeyo, Baba Hodan, hata Hodan ameacha vitabu. Nimesimama katikati ya chumba kama mtoto anayekariri.

Nimesema bomba. Nimesema shule, hospitali, majirani. Kisha Kotile: umbali wa mto, viboko, hakuna sekondari, safari ya hospitali. Hakuna neno la uongo hata moja.

Mstari ukutani sikuutaja. Kilima cha Bare sikukitaja. Wanawake kumi na wanne sikuwataja.

Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na majibu, mengine makali. Hayakuhitajika. Baba Hodan alitazama mikono yake, akasema, "Basi Garissa." Ayeeyo akasema amina. Imekwisha.

Nimeshinda. Chakula changu nimempa Hodan.

Jumamosi, 19 Agosti

Baba Hodan hajui kusoma. Miaka kumi na sita mimi ni mwalimu wa watu wazima, na mtu mzima wa kwanza niliyemtaka darasani amelala ubavuni mwangu akisema kesho. Kwa hiyo barua zake naandika mimi.

Leo ameniita nimwandikie Bare. Alikuwa ameifikiria, nilijua kwa sauti. "Mwambie nashukuru kwa ardhi. Mwambie nilitamani tuzeeke pamoja. Mwambie lakini mwenda sahan amesema, na hatuwezi kwenda kinyume na neno lake." Akaongeza: "Andika vizuri, wewe una mwandiko."

Nimeandika. Kwa mkono huu. Mwandiko mzuri sana.

Jumapili, 20 Agosti

Barua iko mkobani. Kuna mtu wa kuipeleka Garissa leo. Nimempita barabarani nikajifanya natazama viatu.

Mimi ni mwoga mnene. Lakini kesho nasema. Nimeapa, na nimeandika hapa ili nisijidanganye.

Jumatatu, 21 Agosti

Nimesema. Asubuhi, kwenye chai na anjera, nikiwa nimesimama kwa sababu nikiketi ningebadili nia. Ukuta, korongo, kilima, chupa ya dawa, wanawake. Nimesema pia kwa nini. Kwamba niliogopa dumu la maji. Kwamba nilitaka dada yangu. Barua nikaiweka mezani.

Baba Hodan aliweka kikombe chini taratibu. "Mwalimu mzima," akasema. Basi. Akachukua fimbo akatoka. Afadhali angevunja kikombe.

Ayeeyo alitafuna anjera yake hadi mwisho.

"Umemaliza?"

Nimemaliza.

"Mwenda sahan aliyeficha haulizwi tena. Nitakwenda mwenyewe."

Nikamwambia, Ayeeyo, huoni.

"Wewe uliona. Ikatusaidia nini?"

Alhamisi, 24 Agosti

Wameondoka. Ayeeyo na mwanawe. Nimewasindikiza kituoni. Hawakutaka nibebe hata chupa ya maji.

Kipofu na kiwete wamekwenda sahan. Mwenye macho mawili na miguu miwili amebaki anasugua sufuria. Hodan ameliona hilo kabla yangu, akacheka hadi akajificha nyuma ya pazia. Nami nikacheka. Mara ya kwanza wiki hii.

Jumanne, 29 Agosti

Hakuna habari. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nimemsaidia Hodan hesabu, akanisahihisha.

Naogopa nini hasa? Si Kotile. Naogopa nisiaminiwe tena ndani ya nyumba yangu, nikisema tu chumvi imetosha, mtu aonje.

Jumamosi, 2 Septemba

Wamerudi, wekundu kwa vumbi, wamenyooka kama vijana. Baba Hodan amenisalimia. Amekula nilichopika. Hajaongeza neno. Ayeeyo amesema ripoti ni kesho, yeye si redio.

Jumapili, 3 Septemba

Ayeeyo alisimama. Hakutaka kushikwa.

Garissa: amepapasa ukuta wa Nuria kuzunguka nyumba nzima. Umeoza hadi hapa, akagonga goti lake. Maji ya bomba matamu. Nuria ana moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi. Hospitali ameingia, ametibiwa jicho, amehudumiwa vizuri. Kotile: ametembea hadi mtoni kwa miguu yake. Mbali, hata kwake aliyekulia kwenye mwendo. Kiboko amemsikia akipumua shambani, karibu sana, hakupenda. Ardhi ya Bare imeinuka; ameipanda akihema, kifua kimemwambia. Ngamia hupita jioni na harufu yao ilimliza. Hilo, akasema, ni lake mwenyewe, tusilipime. Na wanawake wanamngoja Mwalimu. Wameshagombana nani akae mbele.

Yote. Mazuri ya Garissa yangu na mabaya ya Kotile yake, bila kupaka sukari.

Nikangoja atamke mahali. Hakutamka. Nikauliza, haya, wapi?

Ayeeyo akanishangaa. Nyumba ni ya mwanamke, akasema. Tangu lini mwingine akachagua itakapobebwa? Baba yake alitazama malisho, lakini aliyefunga mikeka juu ya ngamia alikuwa mama yake. "Mimi nimeona. Wewe beba."

Nikaomba kikombe cha pili cha chai ili nipate muda. Nilifikiria bomba la Nuria. Nililiaga, wallahi, kama mtu. Nilifikiria Mama Shukri na kijiko kikubwa.

Nikasema Kotile. Nikasema pia masharti, maana si malaika mimi. Punda wa maji anunuliwe kabla hatujashusha mzigo. Hodan shule ya bweni Garissa, na likizo fupi kwa Nuria. Na Baba Hodan darasani, mstari wa mbele, siku ya kwanza.

"Mbele nasikia pameshajaa," akasema.

Atabanwa.

Barua ya Garissa nimeichana. Nimeandika nyingine, mistari minne. Baba Hodan alinitajia maneno, kisha akaniambia nimsomee tena, polepole, kidole kikifuata. Sikujua kama ananikagua au anaanza kujifunza. Sikuuliza. Nilisoma polepole.

Jumatano, 15 Novemba

Hodan amemaliza mtihani. Anasema ulikuwa mwepesi. Hilo hunitia wasiwasi. Darasa langu limeniaga kwa soda na keki. Yule mtundu wa miaka sabini na moja amesoma hotuba, nzima, bila kukwama, na ndani yake amenitukana mara mbili. Nimelia kama mjinga.

Masanduku saba. Nimeuza kabati la vioo. Naenda.

Jumamosi, 16 Desemba

Kotile. Mvua imepita juzi, mchanga umeshikamana, hewa nyepesi. Mto umepanda. Hapa juu pakavu.

Vyumba vya udongo bado havijaisha, kwa hiyo wanawake wamekuja na miti na mikeka kutujengea ya muda. Mama Shukri ndiye msimamizi, hata kwa wasiomhitaji. Punda nimemfunga mwenyewe. Ana tabia mbaya. Tunaelewana.

Miti ilipokwisha kupindwa, Mama Shukri akauliza mlango uelekee wapi. Watu wote wakanitazama: Bare, Baba Hodan na fimbo yake, Ayeeyo akigeuza sikio. Nilisimama pale katikati ya mbavu za nyumba. Nikaona upepo unatoka kaskazini na vumbi lake. Upande wa jua kuchwa kuna kichaka kidogo na njia ya mtoni. Upande wa kusini kuna zizi la Bare na inzi wake. Nikayasema yote hayo kwa sauti, moja moja, pamoja na inzi.

Kisha nikasema magharibi.

Wakatandika mikeka. Hakuna aliyekwenda kuhakikisha. Ayeeyo aliingia akishika nguzo, akatafuta kivuli, akajinyoosha, na kabla sijapata mto wa kumwekea kichwani alikuwa amelala.