Niwekeeni

Jumamosi, 1 Machi

Nyanya tena. Tangu asubuhi nimesimama mbele ya sufuria. Mgongo si wangu, vidole vimebabuka kwa maji ya moto. Ndoo tatu tumemenya, mimi na mama mkwe. Tumejaza chupa, limau kijiko kimoja kila chupa, tumeacha nafasi ya kidole juu, tumefunga, tumechemsha huku chupa zimekalia kitambaa zisigongane. Kazi nzuri, sikatai. Zikipoa, kifuniko kinavutwa ndani kinalia tak, na mimi mwenyewe huwa nafurahi kusikia.

Halafu mchana tukala nini? Nyanya za chupa. Za mwaka jana! Nje zimejaa mpaka kuku wanadonoa, sisi tunafungua za mwaka jana. Sheria ya nyumba hii ni moja tu: kilichotangulia kuwekwa ndicho huliwa kwanza. Mbichi zinawekwa. Mwakani zikishazeeka ndipo tutaruhusiwa. Huu mwaka wa tatu nimeolewa hapa, na sijawahi kula chakula cha mwaka niliomo.

Nikamwuliza mama mkwe, leo tungekata mbichi mbili tatu tukatia chumvi, kungeharibika nini? Kasema akiba haiozi, mwanangu. Ndiyo maana kimoyomoyo namwita Bi Kifuniko. Huyu hata jua angeliona limezidi angelitia chupani.

Chupa nane nzuri kuliko zote zimepanda rafu ya juu. Hiyo ni rafu ya mume wangu, haiguswi. Alikaa nami miezi minne baada ya arusi, akaenda ng'ambo na ufundi bomba wake. Mwaka mmoja tu, alisema. Jioni hii kapiga simu, mama yake akamwambia nyanya zimekubali kwelikweli. Akacheka, akatoa lile neno lake: "Niwekeeni."

Kila simu inaishia hapo. Jamu ya mapera? Niwekeeni. Limau za chumvi? Niwekeeni. Sijui kama na mimi nimo humohumo kwenye hilo neno. Kesho vitunguu.

Alhamisi, 20 Machi

Pilipili juani. Wingu likaja nikazikimbiza ndani, likapita, nikazitoa, likarudi. Shughuli ilikuwa hiyo kutwa. Kisha nikajisahau nikajifikicha jicho.

Sina zaidi. Naandika kwa jicho moja.

Jumapili, 13 Aprili

Dada yangu kapiga. Amepewa jiko la hosteli ya wanafunzi wauguzi, yeye ndiye mkubwa wa jiko sasa. Kasema wanatupa mboga kila wiki kwa sababu hakuna mtu anayejua kuweka vitu. Anataka mtu wa kukausha, kutia siki, kuchemsha chupa. Chumba kipo, tutalala wote kama zamani. "Mtu mwenyewe ni wewe," kasema.

Nikamjibu mimi ni mke wa mtu. Akaniuliza, na huyo mtu yuko wapi?

Nikamkatia simu. Dada mkubwa, aliyenibeba mgongoni, nimemkatia simu. Ningekuwa na jibu nisingekata.

Akatuma ujumbe baadaye: atanisubiri mpaka katikati ya baridi, zaidi ya hapo wakubwa wake watampa mtu mwingine. Hasira zangu nikazimalizia kwenye magugu. Nimeng'oa na vitunguu viwili ambavyo havikunikosea kitu.

Jumanne, 22 Aprili

Anakuja. Mwezi wa sita! Kamwambia mama yake, mimi nikasikilizishwa kidogo mwishoni, lakini anakuja.

Bi Kifuniko kapanda stuli kufuta ile rafu ya juu. Nikataka kumshikia, nikafukuzwa: hiyo niachie mimi. Sawa. Siku zote anaifuta mwenyewe, na mlango wa stoo anaurudisha, na kibakuli chake cha uji wa unga wa kubandikia karatasi za chupa anaingia nacho. Mwenye mwana ni yeye.

Nimetoa gauni la bluu sandukuni. Zipu imekufa. Nimempelekea jirani yetu fundi cherehani, kasema ana kazi nyingi lakini kwa shemeji atajitahidi. Nimewaimbia kuku leo. Wakanishangaa.

Jumatano, 18 Juni

Haji.

Mkataba umeongezwa. Labda mvua zikiisha. Kasema hivyo kama mtu anayesema labda nitakunywa chai. Hata hakuuliza kama nipo. Mama mkwe akaanza kumhesabia vilivyoko rafuni, sauti inatetemeka, na yule bwana akamjibu nini? "Niwekeeni tu, mama."

Niwekeeni! Kama vile chakula kinajiweka. Kama vile hakuna mtu anayeamka kuwasha moto, anayekosha chupa moja moja, anayekatika kiuno. Mtu haulizi mnakula nini, mnaumwa nini, kuku wangapi wamekufa. Kazi yake kuwekewa tu.

Nilikuwa nakata karoti za kutia siki. Nikazikata ovyo, vipande vingine vinene kama vidole vya miguu. Bi Kifuniko akavitazama, akakaa chini akavikata upya kimoja kimoja bila kusema neno. Hilo likaniudhi kuliko kugombezwa. Mwishoni ndipo akasema: "Mvumilivu hula mbivu, mwanangu."

Nikamwambia, "Mbivu ipi, mama? Humu tunakula za chupa."

Akazoa maganda ya karoti. Nikaona haya kidogo. Kidogo tu.

Jumatatu, 14 Julai

Nimelichukua gauni kwa fundi. Lilikuwa linaning'inia pale kwake tangu lile neno la "haji", nikawa naona tabu kulifuata. Fundi hakutaka hela. Kasema mkewe kaenda kwao kujifungua, yeye kula kwake ni mkate na chai, nimpatie tu kitu cha kuchovyea.

Nikarudi nyumbani. Mama mkwe yuko bandani kwa kuku. Nikaingia stoo, nikapanda stuli, nikachukua chupa moja ya nyanya kutoka rafu ya juu. Ya mbele kabisa. Karatasi imeandikwa Machi, mwaka huu. Mwenye rafu hajui hata ziko ngapi! Moyo ulinidunda kama nimeiba kanisani. Nilipoiweka mkononi mwa fundi ukatulia, na kusema kweli niliona raha. Angalau kuna mtu anakula nyanya za mwaka huu.

Jumatano, 16 Julai

Fundi mgonjwa. Jana usiku kucha anatapika na kuendesha, asubuhi majirani wakampeleka zahanati. Nimemkuta kitandani na dripu, uso umekuwa mdogo. Kaniambia, "Shemeji, kile kifuniko kiliruka chenyewe. Nikaona povu, nikadhani ndiyo utamu wake."

Jamani wanaume. Povu!

Nesi kasema ataamka salama, ila leo na kesho hatoki. Nimerudi nyumbani. Nyanya za Machi nimezifunga mimi. Kila kifuniko nilikibonyeza katikati kwa kidole hikihiki, hakuna kilichorudi juu. Mimi sikosei kufunga. Sasa povu limetoka wapi?

Alhamisi, 17 Julai

Nimejua limetoka wapi.

Mama mkwe alipokwenda kukata majani ya sungura nikashusha chupa zote za nyanya za rafu ya juu. Mwezi wa tatu tulipandisha nane, na moja nimempa fundi. Nimeshusha zaidi ya ishirini, na zote eti Machi mwaka huu. Vifuniko vingine vimevimba kama shavu la mwenye jino. Nikapitisha kitambaa kibichi kwenye karatasi ya chupa moja. Ikateleza. Chini yake karatasi nyingine, mwaka jana. Nikafuta tena. Chini yake nyingine, mwandiko wangu mimi, na kale kajani nilikokuwa nachora pembeni nilipokuwa bado na moyo wa kuchora: Nyanya za bibi arusi.

Mwaka nilioolewa. Nilimfungia mume wangu kwa mkono wangu wiki ile anaondoka.

Kila mwaka anapanda pale na kibakuli chake cha uji, anabandika karatasi mpya juu ya ya zamani. Mimi nanyimwa nyanya mbichi kwa sheria ya cha kwanza ndicho huliwa kwanza, na mwenye sheria ana rafu nzima ambayo hakijaliwa hata cha kwanza!

Aliporudi nilikuwa nimezipanga mezani. Jambo la kwanza alilouliza ni nani kakupa ruhusa ya kugusa rafu. Hapo nikapandisha sauti. Sijawahi kumpandishia sauti. Nikamwambia fundi yuko zahanati kwa chupa kama hizi, umetaka kumwua mtu, mama, umetaka kuacha mtoto mchanga bila baba kwa sababu ya karatasi na uji. Nikamwambia nimekosea kuiba, lakini niliiba nikiamini ulichoandika.

Akakaa juu ya kreti tupu. Majani bado kayakumbatia. Kisha akasema, "Ningezimwaga? Nimwage chakula cha mwanangu, halafu niseme nini?"

"Useme haji."

"Wewe unaweza kulisema?"

Nikatoka nje nikapiga teke ndoo. Kidole kimevimba.

Ijumaa, 18 Julai

Hatusemeshani. Nyumba nzima unasikia saa tu.

Fundi kaachiwa. Nimeambiwa na majirani kuwa mama mkwe alikwenda kwake asubuhi na mapema na chupa ya uji, akamwambia mbele ya watu, "Kosa ni langu, si la mkwe wangu." Hakuniambia mimi. Nimekasirika hata kwa hilo. Angekuwa mbaya mpaka mwisho ningejua la kufanya.

Dada kaandika: kesho kutwa, basi la asubuhi, ama basi. Wakubwa wake wamechoka kusubiri. Nimetoa begi chini ya kitanda. Gauni la bluu nimelitia, nikalitoa, nikalitia.

Jumamosi, 19 Julai

Nimechimba shimo nyuma, mbali na kuku na mbali na tangi la maji. Nilikuwa nimefika magotini mama mkwe akatokea na jembe la pili. Akaanza upande wake.

Hatukufungua hata moja, hiyo hewa yake siitaki. Tumezizika nzimanzima. Yeye anapokea, mimi napanga. Ile ya bibi arusi aliishika, akaibonyeza kifuniko. Hakikurudi juu. "Hii uliifunga vizuri," kasema. Nikamjibu najua. Akanipa nikaizika pamoja na zingine. Hapo nililia, na si kwa huzuni, ni kwa hasira, miaka mitatu nafunga vizuri!

Nikaingia bustanini na udongo wangu mikononi. Nyanya za baridi zimeanza, chache. Nikachuma ile kubwa kuliko zote, ile ambayo kwa haki ya nyumba hii ingekwenda chupani kesho. Nikaikata mezani, nikanyunyiza chumvi, nikamsogezea nusu.

Akaitazama kama kitu cha watu. Kasema, "Za mwaka jana bado tatu."

"Najua, mama."

Akala. Maji yakamtiririka mpaka kiwikoni, akayafuata kwa ulimi kama mtoto. Nikachuma nyingine, tukaikata nayo. Akiwa anatafuna akauliza, "Huko hosteli kwa dada yako, wanakula nyanya za mwaka gani?" Kumbe kaliona begi, na zile simu za dada alizisikia. Nikacheka. Sikutaka kucheka, bado nina hasira naye, nina hasira na kila mtu mpaka na hilo basi la asubuhi, lakini kicheko kilinitoka na chumvi ikaniingia puani.

Naandika hapahapa mezani, yeye kaketi mbele yangu anatoa mbegu za kupanda kwa ncha ya kisu. Begi liko mlangoni, zipu wazi.

Simu inaita.

Ni mume wangu. Jina lake linawaka pale katikati ya maganda. Nimedhani mama mkwe ataidaka kama kawaida yake, hajaidaka. Kaisukuma kwa mgongo wa mkono ikafika kwenye daftari langu. Kasema, "Pokea wewe. Akisema tumwekee —"

Hajamaliza. Kachukua kipande kingine.

Imekatika. Inaita tena. Nina nyanya mdomo mzima. Ngoja nimeze kwanza.