Pampu ya Maji na Betri ya Moyo

Jumapili, 8 Juni

Nimeongeza maji kwenye rejeta kama kila asubuhi. Yameisha tena. Chini ya injini, upande wa mkanda, kuna doa la kijani, rangi ya dawa ya rejeta. Nimepitisha kidole, nimenusa. Pampu ya maji imekufa. Sina shaka.

Gari hili nalitengeneza mwenyewe tangu marehemu mume wangu alipoliacha hapa uani. Breki, plagi, mkanda, vyote. Baba alikuwa dereva wa malori, alitaka mimi na mdogo wangu Rukia tujue kushika spana. Rukia alikimbia. Mimi nilibaki.

Kilichobadilika mwaka huu ni kifua. Tangu Machi nina betri ya moyo chini ya ngozi, upande wa kushoto. Moyo ukisahau kupiga, betri inaukumbusha. Kabla ya hapo nilianguka dukani kwangu, katikati ya majora ya vitenge. Sasa sianguki.

Ijumaa ya tarehe 20 namleta Mama kutoka Rwamagana, aje kupasuliwa jicho. Basi haliwezi, miguu imemkataa. Nimemwahidi nitamfuata mwenyewe. Kwa hiyo pampu nitaibadilisha, tena kwa mikono hii.

Jumatatu, 9 Juni

Pampu mpya nimeipata mjini. Nimeiweka mezani, inang'aa. Rukia ameiangalia kama nimeleta nyoka. Amehamia kwangu hapa Niboye tangu nilipotoka hospitali, na anahesabu hata ngazi ninazopanda. Anataka gari liende gereji. Gereji ya mwisho walinirudishia gari likiwa na boliti pungufu, wakanikatalia mchana kweupe. Siendi.

Jumatano, 11 Juni

Nimeanza asubuhi, injini ikiwa baridi. Nimemwaga maji kwenye beseni. Nimetoa mkanda. Raha. Miezi yote hii nimekuwa mgonjwa wa kuulizwa "umeamkaje". Leo nilikuwa fundi.

Boliti ya chini imegoma. Nimeivuta kwa mikono miwili, kwa hasira. Kitu kikanichoma palepale betri ilipo. Nikaketi chini, mgongo kwenye gurudumu. Mkono wa kushoto ganzi.

Niliogopa. Naliandika kama lilivyo. Niliogopa sana.

Rukia alitoka na nguo za kuanika, akanikuta hapo chini. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Maumivu yamepungua, lakini kesho kutwa naenda kwa dokta.

Alhamisi, 12 Juni

Boksi la spana halipo. Rukia amelipakia kwenye moto, pikipiki ya abiria, amelipeleka Gisozi kwa binamu yetu Hamisi, anayechomelea vyuma kule Agakiriro, kwenye karakana za mafundi. Hakuniuliza. Nimemtolea maneno makali. Mimi si mtoto. Nyumba ni yangu, gari ni langu, kifua ni changu.

Amesikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wewe ulianguka siku moja, Dada. Mimi mpaka leo bado nakuona uko unaanguka."

Nimeingia chumbani, nimefunga mlango. Bado nimekasirika.

Ijumaa, 13 Juni

Hospitali. Dokta amepima. Betri iko salama, nyaya ziko mahali pake. Nimevuta msuli, basi. Nikamweleza yote bila kuficha, nikisubiri anikataze.

Hakunikataza. Aliuliza pampu iko wapi, boliti ni ngumu kiasi gani, injini itawashwa lini. Kisha akapanga. Injini ikiwa imezimwa, fanya kazi. Cha kuvuta kwa nguvu, mwachie mwingine. Injini ikiwaka boneti ikiwa wazi, kaa mbali, usiinamie kabisa, maana altaneta, ile inayochaji betri ya gari, ina sumaku na inaweza kuichanganya betri ya moyo. Kizunguzungu kikija, acha hapohapo.

Kwa mara ya kwanza tangu Machi, mtu ameniambia ninachoweza.

Kutoka pale nimeenda Gisozi moja kwa moja. Hamisi amenirudishia boksi, akajitolea kuja kufanya kazi yote. Nimeshukuru, nimekataa. Namjua. Akishika spana haachii mtu, nami ningebaki nakoroga chai. Dereva wa moto amelibeba boksi mapajani na kunung'unika hadi Niboye.

Nimelifikiria njia nzima. Kazi ninayoiweza nitaifanya. Nisiyoiweza sitaigusa. Nisizoziweza ni sehemu mbili tu, ile boliti na kuwasha injini. Nahitaji mtu mmoja, na namjua ni nani.

Jumamosi, 14 Juni

Chai imepita, sijamwomba. Chakula kimepita, sijamwomba. Rukia ameliona boksi limerudi, amelizunguka na ufagio. Kuomba ni kugumu kuliko boliti.

Jumapili, 15 Juni

Nimemwomba. Akacheka kwanza. "Mimi? Spana?" Nikamwambia aliyosema dokta, neno kwa neno, na yale ya kunizuia pia. Nikamwambia kwamba Jumatano niliogopa. Hilo ndilo lililomlegeza. Akavua bangili, akaziweka dirishani.

Nilichomeka kipande cha bomba la chuma kwenye mpini wa spana ili urefuke, nikamwonyesha pa kusimama. Akavuta. Boliti ikalia kama mbuzi. Rukia akapiga kelele kuishinda, na jirani akachungulia juu ya ukuta. Ikaachia.

Yaliyobaki ni yangu. Nimetoa pampu ya zamani, nimekwangua gasketi iliyoganda, nimefunga mpya. Polepole. Nilipochoka niliketi. Zamani ningeona aibu kuketi. Kila boliti iliyohitaji kukazwa sana nilimwita Rukia, akaja akikunja mikono ya gauni.

Kisha kuwasha. Rejeta wazi, maji tayari. Rukia kawasha, kasimama mbele ya boneti. Mimi nimekaa kule getini kwenye kigoda.

"Iko inatoa mapovu, Dada!"

"Vizuri, hewa inatoka. Ongeza maji."

"Yameacha!"

"Chini je? Angalia upande wa mkanda."

Aliinama. Alikawia huko chini. Nikashindwa, nikainuka nikaanza kwenda. Bila hata kugeuka akaninyooshea kiganja kama trafiki. Nikarudi kwenye kigoda. Katika kazi yote ya leo hakuna kilichonishinda kama kukaa pale.

"Kukavu," akasema. "Kukavu kabisa!"

Jumatano, 18 Juni

Nimelijaribu gari kwenye mlima wa Kimihurura, mara kadhaa, vioo vimefungwa nisikie injini vizuri. Sindano ya joto imetulia. Nilijua itatulia. Rukia alikaa pembeni, macho kwenye sindano kama anasoma habari. Tulipofika nyumbani akauliza plagi zinakaa wapi. Nimemwonyesha.

Ijumaa, 20 Juni

Tumemleta Mama. Barabara ya Rwamagana kavu, vumbi jekundu kwenye migomba. Mama alikaa nyuma na mto chini ya miguu, akiomba tumwambie kila tunachopita, maana yeye anaona ukungu tu. Rukia alimtajia. Kanisa. Ng'ombe. Watoto wa shule wenye sare za bluu. Soko la Kabuga.

Tulipopanda mlima wa mwisho Mama akasema gari linakwenda laini, fundi wake ni nani. Nilishafungua mdomo. Rukia akanitangulia.

"Ni sisi, Mama."

Nikabadilisha gia, tukaendelea kupanda.

Sasa Mama amelala kitandani kwangu. Rukia anaosha vyombo, nasikia maji. Nje hakuna upepo.