Nilivyopata Maji Mashimoni kwa Simu

Dada Mutheu,

Bwana asifiwe. Mgongo unaendeleaje? Sisi huku Kibera tu wazima.

Leo mwanao Mwende aliwaonyesha akina mama wauza maji wa Mashimoni ile huduma ya kuagiza maji kwa simu aliyoitengeneza. Wangeikataa, kazi yake yote ingeenda bure. Wakasema, "Ijaribiwe na huyu mgeni wa Kitui, hajui kitu!" Ee Mungu wangu! Nikachagua kioski cha kwanza, lakini kitufe cha kuagiza hakikuwepo. Wakacheka, "Mama, umeiua!"

"Aunti, soma jibu lote la simu," Mwende akasema. Kumbe jibu lenyewe lilinionyesha kioski kingine. Nikabonyeza, kitufe kikatokea!

Mwenye kile kioski cha kwanza akashangaa simu ilivyojua: "Ni kweli, bomba langu limekauka."

Mwende anasema kila jibu hukuletea tu milango iliyo wazi, yaani yale unayoweza kufanya wakati huo, huhitaji kukariri chochote, na ni jepesi hata kwa simu yangu hii kuukuu. Wameikubali, dada! Nimerudi na mtungi umejaa, nikiimba njia nzima. Mungu amemkumbuka mtoto wetu.

Tafadhali nijibu upesi.

Dadako, Kalunde