Bomba la Uani kwa Mama

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeamka salama, na kile kifua kilichokusumbua kimeachia. Shemeji na wapwa zangu nawasalimu. Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii. Nimeianza barua hii mara tatu, na mara tatu nikainuka kwenda kusimama dirishani.

Unaijua kazi yetu ya mabomba ya majitaka. Zamani huyu alichora, yule akaja kujenga, na wakigombana kazi ililala miaka. Safari hii kampuni yetu imepewa yote kwa mkataba mmoja: sisi tunachora, sisi tunajenga. Nilijisifu sana. Asubuhi nachora, alasiri tingatinga linachimba. Msimamizi wetu, tunayemwita Bwana Haraka, husema mchoro ukikaa mezani siku mbili umeoza.

Basi mwezi uliopita, nyuma ya mtaa wetu, tukagonga mwamba. Majitaka hayapandi mlima, dada. Lazima bomba lipate mteremko. Zilibaki njia mbili tu. Moja ilipita katikati ya nyumba ya jirani yetu, yule mama fundi cherehani. Nyingine ilikata vyumba viwili vya uani kwa mama, kimoja ndicho chako. Bwana Haraka aliniambia nichague, yeye atatia sahihi. Nikachora ya kwa fundi. Nilijiambia ni fupi zaidi, na kweli ilikuwa fupi, kwa hatua kumi na moja.

Fundi alipopata notisi ya kuhama alikuja nayo kwa mama. Nilikuwepo, nakunywa chai. Aliomba nimsomee, maana miwani yake ilikuwa imevunjika. Nikamsomea maneno niliyoyaandika mwenyewe. Mama akamshika mkono, akasema aliyechora hivi hana mama; hakujua kwamba pale kazini mchoraji ni mimi.

Siku nne sikukaa kitako. Nilipima upya, nikahesabu upya, kisha nikamwambia Bwana Haraka bomba lipite uani kwa mama. Akaguna, akauliza kama nina hakika. Kesho yake notisi ya fundi ikafutwa, ya mama ikaandikwa. Juzi vyumba vilibomolewa. Kitanda chako na sanduku la vitabu nimevitoa kwa mikono yangu, viko sebuleni. Muda wote huo mama aliwasema hao watu wa mabomba mbele yangu, nami naitikia.

Sasa lililonikalisha kuandika. Jana nilimweleza mama kwamba mkono uliochora ni wangu. Nilitegemea avililie vyumba vyake. Hakuvitaja. Aliuliza jambo moja tu: "Na ule mchoro wa kwanza, wa nyumba ya mwenzangu, nao ulikuwa wako?"

Nikasema ndiyo. Akakusanya vikombe, akaenda kuviosha, na aliporudi alinipita kama anavyompita mpangaji.

Tafadhali usimpigie simu kuniombea, najua utataka. Fundi cherehani bado hajui, na jana hiyohiyo alinishonea shati bila kunidai, ati kwa kuwa nilimsomea vizuri. Nikifunga bahasha hii nakwenda kubisha kwake. Shati nimelikunja, sijalivaa.

Wabusu wapwa zangu, na kifua chako ukitunze na baridi.

Ni mimi, mdogo wako.