Nilipaka Rangi Juu ya Matundu, Sasa Kaka Yangu Anaitwa Mroho

Mpendwa Mama Skolastika, shikamoo. Kwa kawaida mimi siombi ushauri, watu ndio wananiomba mimi, maana hapa Buganguzi ukimtaja fundi wa kuchomelea mwenye mkono hata kuku wanageuka kunitazama, na shule niliacha kidato cha pili kwa hiari yangu kwa sababu walimu walikuwa wananichelewesha, ila safari hii nimebanwa, naomba unisaidie na usinicheke sana.

Baba yangu mdogo Ildefons aliniachia mashine yake ya kuchomelea, sio ya fimbo, ni ile ambayo waya unajitema wenyewe kwenye tochi, ule mkono wa kuchomelea, na yeye alikuwa anaitumia na mtungi wa gesi, sasa gesi ikaisha, nikasikia kuna waya wenye unga ndani yake ambao hautaki gesi kabisa, nikaufuata Bukoba mjini, na pale dukani nikamkuta Ma Georgina, mama fundi wa Kahororo anayechomelea mageti kuliko wanaume, akaniambia, "Mwanangu, ukiufunga huo usisahau kugeuza chanya na hasi mle ndani ya mashine." Nikamjibu, "Ma, mimi nageuza hata ng'ombe aliyelala!" Duka zima likacheka, nikatoka nimeshinda, na sikugeuza kitu, kwa sababu kusema kweli sikujua alikuwa anasema nini.

Kaka yangu Apolinary anapeleka ndizi sokoni kwa baiskeli, kutoka kwenye kibanja chetu cha migomba, basi akaniletea keria yake iliyoachia, kile chuma cha nyuma cha kubebea mzigo, nimchomelee. Cheche ziliruka mpaka kwa jirani! Rafiki yangu Joackim akasimama mbali anaogopa, nikamwambia, "Hizo ndizo nguvu zenyewe, zinamwagika nje kwa kuwa ndani kumejaa." Lakini ilipopoa nikaona chuma kimekaa juu ya chuma kama ugali ulioganda kwenye sahani, halafu matundu matundu kama andazi. Niliyaona, mama, sitaki kukudanganya. Nikapiga grainda, nikapaka rangi nyeusi mara mbili, ikang'aa, Apolinary akanishika bega, "Waitu, mdogo wangu umekuwa fundi."

Siku ya tatu keria ikakatika kwenye mteremko, mikungu ikaingia kwenye gurudumu la nyuma, kaka akaruka nayo, mguu ukavunjika. Alikuwa amebeba mikungu minne, ile ile ya siku zote. Lakini watu walipokuja kumpa pole akawaambia, "Msimlaumu kijana, kazi yake ilikuwa safi, nadhani mimi ndiye nilizidisha," na tangu hapo wanamwita Mroho, hata watoto, na baba mkwe wake, Ta Byarugaba, akaja na fimbo yake akasema, "Pole mwanangu. Tamaa ya kuongeza mkungu mmoja, sasa binti yangu atapalilia peke yake." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika birika la chai, na mimi nikacheka.

Jana kaka kaniita kitandani kwake, anasema nimchomelee tena, "na uongeze chuma kidogo, maana kaka yako hana akili ya kupima mzigo." Mama, nichomelee vizuri ninyamaze, au niseme? Na ile mashine nilikosea wapi?

Fundi Mkali, Buganguzi, Muleba

*

Marahaba, Fundi. Kwa ng'ombe aliyelala nilicheka, sikufichi. Nilipofika kwenye rangi nyeusi nikaacha.

Kutojua kugeuza nyaya kunasameheka, hata Ma Georgina kuna siku hakujua. Wewe uliyaona matundu ukatafuta kopo la rangi. Halafu ukacheka na wanaomcheka kaka yako, ukiwa umeshika birika lake! Hapo nakusema kama ningemsema mwanangu: ulifanya vibaya, na najua unaumia, maana usingeniandikia.

Kunyamaza, hapana. Keria mpya itabeba ndizi, haitamwondolea Apolinary jina la Mroho. Yeye mwenyewe ameanza kuamini kwamba hana akili, na anayejua ukweli ni wewe tu.

Kuhusu mashine, nilimsomea barua yako fundi ninayemwamini. Anasema fungua kifuniko pale unapoweka waya. Waya mtupu wa gesi unataka tochi ikae kwenye chanya. Huo wako wa unga usiotaka gesi unataka tochi kwenye hasi, na kibano cha kushika chuma kwenye chanya. Wewe uliacha kama baba yako mdogo alivyoacha, ndiyo maana cheche ziliruka na moto haukuzama. Ila soma boksi la waya, kwani kuna wa unga unaotaka gesi pia, na huo una mpango wake. Waya wako uweke pakavu, mvua za kwetu unazijua, na unga ukinyonya unyevu matundu yanarudi. Ukimaliza kuchomelea gonga magamba yaliyoganda juu, piga brashi, tazama. Kisha unga vipande viwili vya chuma chakavu, uvipige nyundo mpaka vipinde. Vikiachana, ufundi bado.

Sasa fanya hivi, na uanze leo. Mwambie Apolinary kwanza, mkiwa wawili tu, na akikasirika usijitetee. Halafu nenda kwa Ta Byarugaba ukaseme kwa kinywa chako kwamba mikungu ilikuwa minne. Wale waliocheka nao wasikie. Keria iliyokatika mpelekee Ma Georgina pamoja na rangi yake, umwambie kwamba siku ile hukuelewa, na usiguse kitu cha kubeba mtu wala mzigo mpaka yeye aseme sawa. Mguu wa kaka yako ukiwa bado haujapona, ndizi zake utazipeleka wewe.

Na keria mpya usiipake rangi. Mpe Apolinary pale kitandani, apitishe kidole kwenye maungio yote, taratibu, wewe umesimama hapo. Rangi atapaka yeye akitaka.