Maji ya Tangi la Mbwa Yaliyokataa Kugeuka Rangi

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni tarehe 16, saa nne na dakika ishirini asubuhi

Shahidi: mwanamke, jina kamili lipo kwenye jalada, kazini anaitwa Mama Maji
Umri: miaka 41
Kazi: mtunza maji, kliniki ya wanyama
Makazi: vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, pamoja na mume na watoto wawili

Nimekuja kwa miguu yangu, sikuletwa na mtu. Nitaeleza ninachokijua, ila afande uniwie radhi mapema, maana hata mimi sijaelewa vizuri nilichokifanya.

Kazi yangu ni kutunza maji ya tangi la mazoezi. Ni tangi la kioo, lina mkanda chini unaozunguka polepole. Mbwa aliyeumia mgongo au goti huingizwa humo, maji yanamfika kifuani na kumpunguzia uzito, naye anatembea bila maumivu makali. Maji hayo hayamwagwi kila siku. Yanapita kwenye pampu na chujio, yanatiwa klorini, yanarudi. Mbwa ni mbwa, anaacha manyoya, mate, mkojo, na akishtuka anaacha zaidi ya hapo. Kwa hiyo kabla ya kila mbwa mimi hupima. Nachota maji kwenye kichupa, natia kidonge, nangoja. Yakigeuka pinki, dawa ipo. Yakibaki meupe, dawa imekwisha, naongeza. Nimefanya hivyo miaka miwili na miezi minne.

Aliyenifundisha ni wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye ndiye aliyenitafutia kazi hiyo. Yeye hushika zamu ya asubuhi, mimi naanza saa sita mchana.

Mnamo tarehe 14, siku ya Jumanne, nilifika kazini saa tano na dakika hamsini. Nilipitia mlango wa nyuma hadi chumba cha pampu, nikachukua kikapu cha akiba cha chujio nikaanza kukitoa manyoya. Pampu ilikuwa inanguruma pembeni ya sikio langu. Wifi alipita mlangoni mkoba begani, mbio mbio. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilidhani ananiaga, nikamwinulia mkono.

Saa sita na dakika kumi nilipima. Meupe. Kwenye daftari la vipimo hapakuwa na maandishi yoyote baada ya saa nne. Nikatia kipimo kimoja cha klorini, nikaacha maji yazunguke robo saa, nikapima tena. Meupe. Nikasema labda vidonge vimeharibika, nikafungua pakiti mpya. Meupe pe. Maji yenyewe yalikuwa maangavu, lakini yalikuwa na harufu kali. Watu hudhani harufu ile ni ya dawa nyingi. Sisi tulifundishwa kwamba mara nyingi harufu ikikolea ni uchafu unapigana na dawa, na dawa inashindwa. Kwa hiyo nikatia kipimo cha pili. Nilichanganyikiwa, afande, lakini nilichanganyikiwa nikifuata kanuni.

Saa saba kasoro dakika tano alikuja mzee mmoja, fundi cherehani, na mbwa wake jike mweusi. Mbwa huyo aligongwa na pikipiki, miguu ya nyuma ikafa ganzi. Mzee anaishi peke yake naye. Ilikuwa mara yao ya saba, na mara zote sita miguu ile ilikuwa inaburuzwa tu kama kamba.

Nilimwambia mkandaji anayewafanyisha mbwa mazoezi, yule tunayemwita Taratibu kwa kuwa ndilo neno lake kwa kila mbwa, "Kichupa hakigeuki rangi. Sijui kuna nini."

Akauliza, "Dawa umetia?"

"Nimetia mara mbili."

"Basi ipo. Mzee wa watu katoka mbali, tusimrudishe."

Sikubishana. Ufunguo wa tangi ninao mimi, na ningeweza kulifunga. Hilo naomba liandikwe.

Taratibu aliingia majini, akamshika mbwa kiunoni. Saa saba na dakika kumi hivi, mguu wa nyuma wa kushoto ulijikunja wenyewe ukakanyaga. Kisha wa kulia. Mzee akaita, "Mama Maji, njoo uone! Mwanangu anatembea!" Tukahesabu hatua kwa sauti, tukafika tisa. Machozi yalikuwa yananitoka, na Taratibu yalikuwa yanamtoka, na mzee vilevile. Nilidhani ni furaha.

Mbwa akaanza kukohoa na kujisugua uso kwenye kioo. Taratibu naye akakohoa, akataka kusema neno likamkwama, akaanguka magoti humo ndani. Nilibonyeza kitufe chekundu mkanda ukasimama, nikafungulia maji yatoke, nikaingia na viatu vyangu. Nilimtoa mbwa kwanza kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, kisha nikamburuta Taratibu. Miguu yake ilikuwa imeiva kwa wekundu. Nikawamwagia wote wawili maji ya bomba.

Mzee alikuwa anarudia, "Mmemtilia nini? Mmemtilia nini?"

Nikamjibu, "Sijui, mzee wangu." Sikuwa nadanganya.

Taratibu alipelekwa hospitali. Daktari wetu wa wanyama alimwekea mbwa hewa ya oksijeni. Mzee alikuja moja kwa moja hapa kituoni kusema kuna mtu kaweka sumu.

Saa tisa alasiri daktari alichota maji yaliyobaki kwenye bomba la tangi. Alichukua kijiko kimoja, akakichanganya na vijiko ishirini vya maji safi, ndipo akatia kidonge. Yakawa pinki ya kukolea, karibu na nyekundu. Akasema, "Dawa ilizidi mno mpaka ikaila rangi. Kichupa hakikuwa kinakwambia hakuna. Kilikuwa kimezidiwa." Kumbe hakuna kabisa na kuzidi kabisa vina sura moja, na mimi nilikuwa naongeza.

Nikampigia wifi. Akasema saa nne na nusu mbwa mmoja mdogo alijisaidia majini, naye akatia klorini nyingi ya kuua vijidudu, kwa hiyo hakutakiwa kuingia mbwa mpaka kesho yake. Hakuandika kwa sababu shuleni walimpigia kwamba mwanawe anatapika. "Lakini nilikwambia mlangoni, wifi. Ukaniitikia haya." Neno haya mimi hunitoka hata nikiitwa usingizini.

Jioni alikuja nyumbani. Akasema, "Tuseme vidonge vilikuwa vibovu. Hapo hafukuzwi mtu." Nikamtazama mume wangu. Akasema, "Huyu dada yangu, huyu mke wangu. Mnataka niseme nini?" Akatoka kwenda kumwagilia mchicha, na mvua ilikuwa inanyesha.

Jana tarehe 15 nilikwenda hospitali. Taratibu anaongea, sauti imekwaruza, wanasema atapona. Kisha nikapita kliniki. Mbwa yu hai, anatiwa dawa ya macho, lakini hajasimama tena. Mzee alikuwa ameketi sakafuni karibu naye. Hakuitikia shikamoo yangu. Baadaye akaniuliza, "Zile hatua tisa zilikuwa zake, au dawa ndiyo ilimchoma akarusha miguu?"

Nilimuuliza daktari, naye akasema bado hajui. Nimekesha nazihesabu.

Afande ameniuliza kama wifi yangu aliniambia kuhusu dawa aliyotia. Hakuniambia.

Niliyoyatenda nimeyasema, na nisiyoyaelewa nimesema siyaelewi. Sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maandishi ya askari: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho. Amekubali kuwa ni yake, amesaini mbele yangu na kuondoka. Saa tano na dakika kumi alirudi, akaomba kalamu. Katika jibu lake la mwisho amelikata neno "hakuniambia" kwa mkono wake mwenyewe, na juu yake ameandika "sikumsikia". Amesaini tena pembeni.